Kabla ya Laringoskopu, Mto

Hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya wauguzi wa usingizi na ganzi. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na pale nilipoharakishwa na wapishi nimeongeza kidogo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliokesha kwenye basi ili muwahi kupiga picha, na ninyi wahitimu mnaotoka jasho ndani ya majoho hapo mbele: hamjambo.

Nilipewa mada ndefu yenye maneno "changamoto" na "fursa" ndani yake. Nikaandika kurasa nne. Jana usiku nikazisoma kwa sauti kule nyumba ya wageni, na kabla sijafika ukurasa wa tatu nilikuwa nimesinzia. Mtu wa nusukaputi akilala kwa hotuba yake mwenyewe, hiyo dozi imezidi. Nimeziacha huko huko. Leo nitazungumzia mto.

Ndiyo, mto. Huu huu wa kulalia. Mto, blanketi lililokunjwa, shuka iliyoviringishwa, na kichwa cha mgonjwa kinavyokaa juu yake kabla hamjampa dawa.

Kwanza nina maombi mawili. Mama yangu pale mstari wa tatu, wewe mwenye doti ya khanga mapajani, naomba uniazime. Zitarudi. Na nahitaji mhitimu mmoja wa kujitolea, mwenye mwili wa kutosha, asiyeona haya na kitambi chake. Huyo hapo, tayari anasukumwa na wenzake. Karibu kaka. Vua joho, panda mezani, ulale chali. Tutakurudia. Usisinzie.

Wazazi, tuwekane sawa kidogo. Ganzi ya mgongo ni ile ambayo mama anafanyiwa upasuaji huku anasikia watu wakizungumza, na mtoto akilia anamsikia. Nusukaputi ni kitu kingine. Mtu anaondoka kabisa. Hasikii kisu, na mara nyingi hapumui mwenyewe, kwa sababu tumemlegeza misuli yote. Watoto wenu wamesomea kumpumulia mtu wa namna hiyo na kumrudisha.

Sasa, kila nyumba ina mkoromaji wake. Anakoroma, hewa inakata, mke anampiga kiwiko, anageukia upande, njia inafunguka, usiku unaendelea. Aliyelazwa kwa dawa hana wa kumpiga kiwiko, na hata akipigwa hageuki. Kaakaa laini linalala, ulimi unarudi nyuma, kile kifuniko kidogo cha koromeo nacho kinashuka, na mlango unafungwa. Watu waliligundua hili mapema sana. Etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, na miongo michache baadaye daktari Esmarch kule Ujerumani na daktari Heiberg wa Norway walikuwa wakiwafundisha wenzao kulisukuma taya la chini mbele kwa vidole. Kisha katika miaka ya 1950 daktari wa usingizi Peter Safar, pale Baltimore, Marekani, alichukua watu waliojitolea, wakalazwa kwa dawa na kulegezwa misuli, akaonyesha kwamba kuinamisha kichwa nyuma na kuinua taya kunafungua njia ambayo ilikuwa imeziba kabisa. Kila mwongozo wa huduma ya kwanza mliowahi kuuona, ule wenye mchoro wa kiganja kwenye paji la uso na vidole viwili chini ya kidevu, umetokana na hao watu waliokubali kulala.

Lakini kufungua njia ili hewa ipite ni jambo moja. Kuziona nyuzi za sauti kwa macho yako ili upitishe mrija wa kupumulia katikati yake ni jambo lingine, na hapo ndipo mto unapoingia.

Mwaka 1936 mtu wa usingizi aitwaye Ivan Magill, mzaliwa wa Larne kule Ireland, aliandika kwamba kichwa kikae kama cha mtu anayetaka kunusa hewa. Kazi yake aliijulia Sidcup, Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwalaza askari waliopasuliwa nyuso kwa risasi na mabomu. Mtu ambaye uso wake ndio unaoshonwa huwezi kumbandika barakoa usoni, kwa hiyo mrija ulikuwa lazima. Alijua anachokisema.

Vitabu vinataja hewa ya asubuhi. Mimi nafundisha pilau. Umekaa barazani, jirani ameanza kukaanga vitunguu na bizari nyembamba. Unafanya nini? Huinui pua kutazama dari. Shingo nzima inatoka mbele kuifuata harufu, halafu uso unanyanyuka kidogo. Hebu fanyeni wote. Mgeni rasmi pia, hakuna atakayepiga picha. Naam. Mmeona ni mambo mawili: shingo imekwenda mbele, uso umeinuka.

Mwanafunzi husahau la kwanza akakumbuka la pili. Anakishika kichwa na kukivuta nyuma mpaka koo linakaza kama ngozi ya ngoma, halafu analalamika kwamba haoni kitu. Kwa mtu mzima wa umbo la kawaida, mto mgumu wa sentimita 7 hivi chini ya kichwa unatosha. Nimesema chini ya kichwa. Mabega yabaki kitandani. Shingo itainama mbele kama nyuzi 35, kisha uso utaelekea nyuma kama nyuzi 15. Hakuna atakayekupimia nyuzi hizo usiku wa manane. Nimezitaja ili mjue kwamba ile ya mbele ndiyo kubwa.

Na uwe mgumu kweli. Ule mto laini wa sponji unampendeza mgonjwa akiwa macho, lakini misuli ikilegea kichwa kinazama ndani yake na umerudi tambarare. Shuka nne zilizokunjwa vizuri zinaushinda. Kichwa kikiwa kinaviringika kulia na kushoto, sokota khanga duara, ile kata ya kubebea ndoo, ukiweke katikati. Bibi zetu walijua tangu zamani kwamba kitu cha duara hutulia kwenye kata. Kuna viwanda vinauza kata za sponji kwa bei ya kushangaza.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema mbele ya wazazi.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa peke yangu zamu ya usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja. Akaletwa mzazi anayetoka damu, kondo limetangulia, presha imeshuka. Ganzi ya mgongo haikufaa. Alikuwa mama mnene, na mjamzito wa miezi tisa ana matiti yaliyojaa. Nikamwekea mto tuliokuwa nao, mwembamba kama chapati. Nikampa oksijeni, nikampa ketamini ya kumlaza, nikampa suksametoniamu ya kulegeza misuli, nikachukua laringoskopu, kile kifaa chenye mpini na ulimi cha kutazamia koromeo. Mpini ukagota kifuani. Ulimi wa kifaa haukuingia hata kinywani. Nikaugeuza upande, nikauingiza, nikaona ulimi na giza.

Kipima oksijeni kilikuwa kimoja, waya wake umefungwa plasta. Kilisema 90. Nikajaribu tena. 84. Nikaomba ulimi wa kifaa mrefu zaidi. Nikaomba mrija mwembamba zaidi. Nikaomba kifyonza mate, ingawa mate hayakuwapo. Mtu akitahayari huagiza vitu. 77. Nikabana barakoa kwa mikono miwili na mwenzangu akabonyeza mfuko, hewa ikavuja pembeni ya mashavu.

Kaka mmoja wa usingizi aliyekuwa amemaliza zamu aliitwa kutoka kwenye baiskeli yake. Aliingia, wala hakuja kichwani nilipokuwa mimi. Alikwenda ubavuni mwa kitanda akachuchumaa, jicho lake likawa usawa wa godoro, kama fundi anayekagua tofali. Akasema, "Mnyanyueni mabega." Yakaingia mablanketi mawili mgongoni, shuka mabegani, na lile joho la kijani la daktari wa upasuaji ambalo alikuwa hajalivaa likaingia chini ya kichwa. Nadhani ilichukua muda wa kusema Baba Yetu. Mfuko ukapitisha hewa. Namba ikageuka. Ilipofika 96 akaniambia, "Sasa tazama." Sikubadilisha kifaa. Nyuzi za sauti zilikuwa pale, nyeupe, zimekaa wazi kabisa.

Mama na mtoto walitoka wodini baada ya siku saba. Mimi nilichukua wiki mbili kabla sijamuuliza yule kaka aliona nini alipochuchumaa. Alisema, "Niliona kichwa chake kiko chini ya kifua chake."

Nilikuwa nimesimama kichwani muda wote ule. Kutoka kichwani hili halionekani. Unaona paji la uso, pua, kinywa. Urefu wa kifua hauuoni. Ndiyo maana ninawang'ang'aniza wanafunzi wangu watoke pale waende ubavuni, wachuchumae, na wafanye hivyo mgonjwa akiwa bado anazungumza nao.

Turudi kwa kaka yetu hapa mezani. Bado yu macho? Vizuri. Wahitimu wawili njooni. Mmoja aweke kidole kwenye tundu la sikio lake. Mwingine aweke kidole kwenye kile kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari, hapa ambapo koo linaishia. Sasa chuchumaeni ubavuni. Fundi wa nyumba ana pima maji, ile yenye kiputo cha hewa. Chora mstari akilini mwako kutoka sikio hadi kishimo. Kiputo kinakwenda wapi? Sikio liko chini sana, sivyo? Wazazi wa mbele mnaona.

Tuweke khanga za mama. Bado. Doti moja haitoshi kwa kaka huyu, na ninamshukuru kwa uvumilivu wake. Leteni majoho. La kwanza katikati ya mgongo, la pili juu yake lisogee mpaka mabegani, la tatu na khanga chini ya kichwa. Mnaona tunajenga mteremko unaoanza mgongoni. Ukirundika kila kitu chini ya kisogo unapata kichuguu, kidevu kinagonga kifua, na umeharibu kuliko ulivyokuta. Ongeza moja. Haya, tazameni tena. Sikio na kishimo viko usawa. Kiputo kimetulia. Na oneni kitu cha pili: kati ya kidevu na kifua pamefunguka nafasi ambayo haikuwapo, na mpini wa laringoskopu utapita hapo bila kugota.

Kama kitanda chenu kinakunjika katikati, inueni mgongo nyuzi 20 au 25, mtapata karibu kitu hicho hicho bila majoho. Kama hakikunjiki, mmeona.

Kuna faida nyingine hapa ambayo haihusiani na kuona. Tunampa mgonjwa oksijeni dakika chache kabla ya dawa ili ajaze akiba kwenye mapafu, mithili ya kujaza mapipa kabla maji ya bomba hayajakatika. Mtu mnene akilala tambarare tumbo linasukuma kiwambo juu, mapafu yanabanwa, pipa linakuwa dogo. Mwaka 2005 wataalamu wa Australia waliwachukua watu 42 wenye unene mkubwa sana, nusu wakapewa oksijeni wakiwa tambarare, nusu wakiwa wameinuliwa nyuzi 25. Kisha wakahesabu muda kuanzia pumzi inapokatika hadi oksijeni ya damu kushuka kufikia asilimia 92. Tambarare ilikuwa sekunde 155 kwa wastani. Walioinuliwa, sekunde 201.

Tofauti ni sekunde 46. Inasikika ndogo. Naombeni tunyamaze sekunde 46. Mimi nina saa.

…

Mmeanza kukohoa na kutazamana kabla hazijaisha. Ndani ya muda huo unaweza kutoa ulimi wa kifaa, kuuingiza upya, kuona, na kupitisha mrija. Mwaka uliotangulia huo, watafiti wa Marekani walikuwa wameonyesha kwa wagonjwa 60 wenye unene wa namna hiyo kwamba mteremko unaonyesha koromeo vizuri zaidi kuliko mto wa kichwa peke yake. Yule kaka wa baiskeli hakuwa amesoma utafiti huo. Ulikuwa bado haujafanyika.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu walimu wenu wananitazama. Darasani mmefundishwa mihimili mitatu. Msiogope, wazazi, sizungumzii Bunge, Serikali na Mahakama. Ni mstari wa kinywa, mstari wa koo na mstari wa koromeo. Mafundisho, yaliyoandikwa Uingereza mwaka 1944 na Bannister na Macbeth, ni kwamba mto unalinganisha mstari wa koo na wa koromeo, na kuinua uso kunauleta wa kinywa, vyote vitatu vinakuwa njia moja iliyonyooka. Mchoro wake uko kila kitabu. Ni mchoro mzuri. Mwaka 2001 Adnet na wenzake wa Ufaransa waliwalaza watu 8 wenye afya ndani ya mashine ya sumaku, wakapima, na mihimili haikulingana. Wakaendelea: wagonjwa 456, wengine katika mkao wa kunusa, wengine kichwa kimeinamishwa nyuma tu bila mto. Kwa jumla hapakuwa na tofauti ya maana, isipokuwa kwa wanene na kwa wale ambao shingo zao hazirudi nyuma vizuri. Hao mto uliwasaidia.

Na mteremko nao si sanamu ya kuabudiwa. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi ya Marekani kwa wagonjwa mahututi 260, nje ya chumba cha upasuaji. Kule walioinuliwa kwa mteremko hawakubaki na oksijeni nyingi zaidi, na koromeo lao lilionekana kwa shida zaidi kuliko la waliolala mkao wa kunusa. Vitanda vya mahututi ni vipana na godoro lake ni laini, anayepitisha mrija anajikuta anapanda kama anachungulia kisima. Hiyo ni tafsiri yangu, msiiandike kwenye mtihani. Kwenye mtihani jibuni mihimili mitatu mpate alama zenu. Mkiwa thieta, mchuchumae mtazame mgonjwa aliye mbele yenu.

Watoto. Hapa nitataka mnisikilize kuliko kote, kwa sababu mazoea ya watu wazima ndiyo yanayowaponza. Mtoto mchanga ana kisogo kikubwa, kichwa chake peke yake ni mto. Ukimlaza tambarare shingo inainama mbele yenyewe, tena kupita kiasi. Ukimwongezea mto unamziba. Yeye khanga inakwenda chini ya mabega, nyembamba, mpaka uso utazame juu moja kwa moja bila kuelekea mbele wala nyuma. Wala usikivute kichwa nyuma ukidhani unamfungulia. Koromeo lake ni laini, ukilivuta linajikunja. Na vidole vyako vinavyoinua kidevu vikae kwenye mfupa. Nimeshuhudia mtu mwenye mikono mikubwa akimziba mtoto kwa kidole kimoja kilichobonyea nyama ya chini ya kidevu, huku akiilaumu barakoa.

Mrija ukishapita, kichwa hakijaacha kuwa kazi yako. Mrija hufuata pua. Pua ikishuka kuelekea kifuani, ncha ya mrija inashuka. Pua ikienda nyuma, ncha inapanda. Kwa watu wazima ilipimwa mwaka 1976: kutoka shingo iliyorudi nyuma kabisa hadi iliyoinama kabisa, ncha ilitembea sentimita 3.8 kwa wastani. Bomba la hewa la mtoto aliyezaliwa leo lina urefu wa sentimita 4 hivi. Yeye mwendo wake ni mdogo kwa kadiri ya mwili wake, lakini hata sentimita moja ni robo ya bomba zima. Nilikuwa na mtoto wa tezi za koo, mrija umekaa vizuri, nimesikiliza pande zote mbili, nimefunga plasta. Daktari akasogeza kichwa apendavyo, mimi nikawa naandika fomu. Upande wa kushoto ukanyamaza. Mrija ulikuwa umezama kwenye pafu la kulia. Ni rahisi kurekebisha ukijua. Vuta kidogo, sikiliza tena. Kwa hiyo kichwa kikiguswa, masikio yako yarudi kifuani. Ukimlaza mgonjwa wa tezi la shingo na kichwa kikapelekwa nyuma, hofia kinyume chake, mrija kuchomoka.

Nywele. Kina dada msicheke, na kina kaka msijifanye hayawahusu. Hakuna kitabu cha Ulaya kilichonionya kuhusu rasta zilizofungwa fundo kubwa kisogoni. Mgonjwa analala, fundo linasukuma kichwa mbele au kukiegemeza upande, unaweka mto juu ya mlima. Mwombe afungue fundo akiwa wodini, azilaze nywele juu ya utosi au pembeni. Mwombe kwa heshima, maana huenda alizilipia saa sita za kukaa kwenye kigoda. Kilemba na ushungi vivyo hivyo. Mpe kofia ya thieta ajifunike, asivuliwe mbele za watu.

Na kabla ya yote hayo, shingo yenyewe. Mwulize akiwa macho: tazama dari, sasa gusa kifua kwa kidevu, sasa fungua kinywa. Ni sekunde kumi. Aliyeanguka na bodaboda hafanyiwi jaribio hilo wala hawekewi mkao wa kunusa hata kama ni mnene. Shingo yake unaihesabu imevunjika mpaka ithibitike vinginevyo: msaidizi mmoja anashika kichwa kwa mikono miwili kikae kwenye mstari wa mwili, kola ya shingoni inafunguliwa mbele ili kinywa kifunguke, na wewe unakubali kuona kidogo. Taya unalisukuma mbele bila kukirudisha kichwa nyuma. Mwenye baridi yabisi ya miaka mingi na mtoto mwenye ugonjwa wa Down, vifundo vya juu vya shingo zao vinaweza kuwa vimelegea. Kuwa na mkono mwepesi.

Halafu kuna wale wa makovu ya moto. Mtoto aliyemwagikiwa uji, mwenye kifafa aliyeangukia mafiga. Kovu limevuta kidevu kikashikana na kifua. Shingo hairudi nyuma hata kidogo, na huyu hakuna mto utakaomsaidia. Ukimlegeza misuli ukidhani utapata njia, utakuwa umefunga mlango na kuutupa ufunguo. Kaa na daktari wa upasuaji kabla. Mara nyingi kovu linakatwa kwanza kwa ganzi ya sindano na ketamini kidogo huku anapumua mwenyewe, shingo inafunguka, ndipo mnaendelea. Ketamini huacha mtu apumue, ni kweli, lakini haimzuii ulimi kurudi nyuma. Mkono wako ukae kwenye taya.

Sasa mtaniuliza, yote hayo nitayafanya saa ngapi, na daktari ameshanawa, amesimama mikono juu, anatazama saa ya ukutani kama mtu anayesubiri daladala? Namjua huyo. Nimefanya naye kazi miaka mingi na tunapendana. Mwambie, "Daktari, naomba dakika moja ya mto." Mimi nimelisema neno hilo mpaka manesi wa chombo wakawa wanalisema kabla yangu, na shuka zinakuja zimekunjwa. Pandisha na kitanda, paji la uso la mgonjwa lifike usawa wa chembe ya moyo wako. Ukifanya kazi umepinda mgongo utakuwa na haraka, kwa sababu kiuno kinauma, na haraka ya kiuno nimeiona ikigharimu.

Naambiwa chakula kiko tayari. Bado nilikuwa na la kuamka, niliseme kwa kifupi. Mgonjwa wa tezi za koo au yeyote anayetokwa damu kinywani alazwe ubavu, kinywa kitazame chini kidogo, mto uondolewe kichwani uwekwe mgongoni asirudi chali. Na msimkabidhi wodini mtu ambaye bado mnamshikia taya. Kama mkono wako hauwezi kuondoka, hajaamka.

Msaidieni kaka yetu ashuke, taratibu, amekaa kwenye mteremko muda mrefu. Majoho yana mikunjo, mtapiga nayo picha hivyo hivyo. Mama, khanga zako hizi hapa. Nimezikunja mwenyewe.